Robo ya Mzunguko

Mdogo wangu,

Pokea salamu za kaka yako. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitini, siumwi kiasi cha kulala, na kwa baridi ya huku hilo peke yake ni la kushukuru. Ninyi mko wazima? Shemeji ameshajifungua au bado anamtazama mkunga kwa hasira? Na mama je, goti lake linaendeleaje? Bado anashuka ngazi kwa makalio kama mtoto? Mwambie aache kuchuchumaa kufua. Nguo chafu hazijawahi kumkimbia mtu.

Barua yako ilinifikia. Ina alama ya grisi kwenye kona, nikajua umeiandikia kazini ukijifanya unatafuta spana. Umeniambia kwamba mwenye gereji wangu amekutumia mwaliko wa kazi, kwamba umeshamuaga fundi mkuu wako, vifaa umeanza kugawia wenzako, na sasa unaningojea mimi tu nikwambie ubebe nguo za namna gani. Ukaandika: kaka, kumbe hukunisahau. Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mkunjo. Nitakujibu habari ya nguo na habari ya safari, lakini naomba unisome mpaka mwisho. Usirukie chini kama ulivyokuwa ukifanya shuleni, ukisoma ukurasa wa mwisho halafu unadai umemaliza kitabu. Na ukimsomea mama, ipitie kwanza peke yako ujue pa kuruka.

Leo ni siku ya mapumziko. Nimefungua dirisha la chumba ingawa nje kuna barafu, na nimevaa koti, na kofia, na soksi mbili mbili. Mwenye nyumba amegonga mara moja kuniuliza kama nataka kupasha joto mtaa mzima. Nimemwomba radhi nikaliacha wazi. Utaona sababu yake.

Kwanza nikueleze baridi inavyoifanya injini. Kwetu tunaujua ugonjwa wa joto: petroli inachemka ndani ya bomba, gari linazima mlimani, unaimwagia pampu maji na kungoja. Huku ugonjwa ni kinyume chake. Asubuhi petroli haitaki kuwa mvuke. Inaingia ikiwa matone, inang'ang'ania kuta za bomba kama umande, na cheche ya plagi haiwezi kuwasha matone. Tena hewa yenyewe ikipoa inakuwa nzito, imeshindiliwa. Injini ikivuta pumzi moja inameza hewa nyingi kuliko ile uliyoisetia wakati wa joto, lakini petroli inayopata ni ile ile. Mchanganyiko unakuwa hafifu, kama chai iliyoongezwa maji bila kuongezwa majani. Basi injini inakohoa, inatema moto kinyumenyume kupitia kabureta, na dereva akikanyaga mafuta inamzimia katikati ya njia panda, wa nyuma wakimpigia honi za matusi.

Utasema, si kuna choki? Iko, na tunaitumia, lakini choki ni ya kuamshia tu. Injini ikishaamka lazima iishi kwa ile skrubu ya kabureta uliyoiseti. Na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Magari mapya ya huku yana kompyuta na yanajipimia yenyewe, lakini gereji yetu inapokea yale mazee: magari ya kusambazia mikate, pikapu za mafundi bomba, teksi ambazo viti vyake vimeshonwa upya mara nyingi. Yote yana kabureta. Na baridi ikianza yanakuja kwa foleni, kila mwenye gari akiapa kwamba jana lilikuwa zima.

Gereji ni jumba moja refu la matofali. Madirisha yako juu, yamepakwa rangi miaka mingi iliyopita na hayafunguki. Mlango ni mmoja, wa bati, wa kuvuta kwa mnyororo. Upande wa kulia kuna shimo la kuingia chini ya gari, kushoto ni pembe ya mpaka rangi, fundi wa kupaka magari, aliyojizungushia turubai, na katikati ni mahali pangu. Kuna jiko la mafuta ya taa ambalo kila mtu anajifanya amelipitia kwa bahati mbaya. Mwenye gereji tunamwita Bwana Mlango. Si jina lake, ila ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi na la mwisho kila jioni. Mtu akiingia na theluji mabegani, kabla ya salamu anasikia "Mlango!" Mteja akitoka akiwa bado anashukuru, "Mlango!" Mpaka rangi husema kwamba siku Bwana Mlango akifa, atainuka kwenye jeneza awaambie waombolezaji wafunge.

Lakini si mtu mbaya, nisimsingizie. Ndiye aliyenipa koti hili. Na ana hoja: mlango ukiwa wazi rangi haikauki, vidole haviwezi kushika bisibisi, na injini haifiki joto lake la kazi. Na injini ambayo haijafika joto lake huwezi kuiseti, itakudanganya. Hayo hata wewe unayajua.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Ukiiseti gari ndani, mlango umefungwa na jiko linawaka, umeiseti kwa hewa ya ndani. Halafu inatoka kwenda kuishi nje. Ikikutana na ile hewa nzito inakohoa, na mwenye nayo anarudi kabla hujanawa mikono. Nilipofika nilikuta wameshapata dawa. Wanaiita nyongeza. Ukishafika pale injini inapoimba, pale ambapo fundi yeyote angeinua mikono na kuondoka, unafungua skrubu robo ya mzunguko zaidi. Petroli inazidi. Injini inapoteza sauti yake, inakuwa nzito kama mtu aliyelazimishwa kula sahani ya pili. Ukiwa ndani unaona umeiharibu. Lakini ikitoka nje, hewa nzito inakutana na petroli iliyozidi na vyote vinakaa sawa, na dereva anaondoka akipiga honi ya furaha. Basi siku nzima kazi yetu ni kuharibu kwa kipimo, gari baada ya gari, kila moja ikinguruma palepale ndani mpaka ifike joto lake, mlango umefungwa.

Sikukudanganya niliposema ni kazi ya kujivunia. Aliyekuwa akiifanya kabla yangu tulimwita Masikio. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, ametoka mbali kama mimi ingawa si njia moja. Alikuwa na kipande cha mpira, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, na alisikiliza kama daktari anayempenda mgonjwa wake. Mimi nilikuwa nikiosha vyuma. Alikuwa akiniita mwanafunzi, na alipogundua kwamba nanusa moshi alicheka, akasema watu wa kwetu tumezaliwa na pua mahali pa masikio.

Unakumbuka mjomba alivyotufundisha. Anapiga magoti nyuma ya gari, anaweka pua kwenye bomba la moshi kama mpishi juu ya sufuria. Moshi ukichoma macho, petroli imezidi. Ukiwa mkavu, wa kukwaruza koo, hewa imezidi. Ukiwa hauna la kusema, hapo ndipo. Na wewe ulikuwa bora kuliko sisi sote. Walikufunga kitambaa machoni, ukanusa, ukawaambia fungua kidogo, funga, acha, na wateja walikuwa wanaacha gari zao wakuangalie. Lakini mdogo wangu, banda la mjomba halikuwa na kuta. Lilikuwa na nguzo na bati basi. Upepo ulikuwa unapita kati yetu siku nzima na hatukuwahi kuuambia asante.

Huku moshi unatolewa nje kwa mpira mnene, kama nyoka, unaoshika bomba la moshi la gari na kutokea kwenye tundu la ukuta. Pembeni ya tundu tumesokomeza magunia na fulana kuukuu ili upepo usiingie. Kila aliyeona mwanya aliongeza kitambaa chake, mimi pia. Mpaka rangi aliweka suruali. Tulicheka kwamba ukuta sasa umevaa vizuri kuliko sisi.

Baridi ilipokaza Masikio alianza kubadilika. Alikuwa anasinzia amesimama. Alikuwa anaanza kunieleza jambo, anasahau, anakasirika kana kwamba mimi ndiye niliyelichukua. Alifunga plagi ile ile aliyotoka kuifunga. Mpaka rangi alikuwa akimuuliza ni baa gani inayofunguliwa alfajiri namna hiyo, na kama wanakubali wageni, nasi tukicheka. Masikio hakuwa mnywaji, tuliujua ukweli huo, lakini mwendo wake ulikuwa wa mlevi na utani ulikuwa mtamu. Siku moja alikoroga chai yake kwa bisibisi yenye grisi akainywa yote, akilalamika sukari haikutosha. Siku hiyo hatukucheka sana. Bwana Mlango alimwita pembeni akamwambia akapumzike nyumbani mpaka joto lirudi, na alimwambia kwa upole. Kisha alinikabidhi mimi kile kipande cha mpira.

Nilifurahi. Nakuambia kweli tupu. Usiku ule niliota nimerudi nyumbani na watu wananiita fundi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Pua yangu na masikio yake vilikuwa vimekutana ndani ya mtu mmoja. Kisha nikaanza kuumwa kichwa. Kinaanza mtu akishafika kwenye gari la pili au la tatu, kama kofia iliyobana, na jioni kinakuwa kimeshuka mpaka kwenye meno. Nilidhani ni baridi. Wote tulidhani ni baridi, maana huku baridi husingiziwa kila kitu, hata ndoa zikivunjika. Mpaka rangi alisema ni njaa. Bwana Mlango alinipa vidonge vyake mwenyewe.

Asubuhi moja ya baridi kali mno, injini zote zilikuwa zinaimba vibaya, hakuna hata moja niliyoweza kuiridhisha. Nilitoka kwenda nyuma ya jengo, nikitaka tu kusimama mahali pasipo na kelele. Nikaona mdomo wa ule mpira wa moshi. Haukuwa ukitoa kitu. Gari lilikuwa linanguruma ndani na mdomo wa mpira ulikuwa kimya. Nikachungulia: ulikuwa umejaa barafu. Unajua moshi wa gari una maji ndani yake, ndiyo yale matone unayoyaona yakidondoka kwenye bomba asubuhi. Maji yale yalikuwa yakipoa ndani ya mpira, yakijikusanya pale unapojikunja, yakiganda, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ikaziba kabisa. Sasa moshi wote ulikuwa unaenda wapi? Nilirudi ndani nikapiga magoti pale mpira unaposhika bomba la gari, nikaweka mkono. Ulikuwa unapumua juu ya mkono wangu, kwa uvuguvugu, kama mnyama aliyelala.

Nilimwita Bwana Mlango. Alitoka, akautazama mpira, akaupiga teke moja, bonge la barafu likaanguka. Akasema, kumbe ni hilo tu, kuanzia leo kila asubuhi mtu aupige teke. Akanipiga begani akaniambia nina macho. Tukaupiga teke kila asubuhi kwa muda fulani. Kisha ikawa kazi ya kila mtu, na wewe unajua kazi ya kila mtu huishia wapi.

Nikajaribu na njia nyingine. Nilimwomba nisetie gari nje, palepale kwenye baridi, kwa hewa ile ile litakayoishi nayo, bila nyongeza. Nilichukua gari moja la mikate, nikaliacha lipate moto kwenye theluji, nikalisetia huko. Liliimba mdogo wangu, liliimba kama magari ya kwetu. Lakini vidole vyangu vilikufa, skrubu ilinianguka mara nyingi, na kufikia nilipomaliza foleni ilikuwa imepinda kona na watu wanapiga honi. Bwana Mlango hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nadhani wateja wanakuja kusikiliza nyimbo. Nikaingia ndani, nikavuta mnyororo.

Nilitaka kukuuliza, goti la mama linaendeleaje?

Tuendelee. Baada ya hapo mimi mwenyewe nilianza kuona mambo. Naingia chumbani nasimama, sijui nilichofuata. Mkono wa kulia unatetemeka nikishika bisibisi, nikiuacha unatulia. Na pua imekufa. Naweka pua kwenye bomba la moshi na moshi hauna la kusema, na mwanzoni nilidhani hiyo ndiyo ile hali ya mjomba, kwamba nimepata kipimo. Kumbe si moshi ulionyamaza, ni mimi nisiyesikia. Magari yakaanza kurudi. Dereva wa teksi mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nimelisetia gari lake au nimelilaani. Mpaka rangi akaniuliza ile baa ya alfajiri iko upande gani. Nikacheka naye. Na wakati nacheka nikakumbuka nimeshawahi kusikia utani huo, na nikakumbuka aliambiwa nani.

Siku iliyofuata ya mapumziko nikaenda kumtazama Masikio. Anaishi kwa dada yake, ghorofa ya juu, vyumba viwili visafi vyenye pazia za maua. Nilimletea machungwa. Dada yake alifungua, akanitazama koti langu na grisi kwenye kucha, akajua ninatoka wapi kabla sijasema. Aliniambia niingie lakini nisitegemee mengi. Akaniambia kwamba wiki za kwanza alikuwa amepata nafuu, hata alikuwa akienda kununua mkate mwenyewe, wakadhani yamekwisha. Kisha akaanza kuzama, kidogo kidogo. Daktari wa zahanati aliwaeleza kwamba moshi wa gari una sumu isiyo na rangi wala harufu, inashika damu na kuinyima hewa, na injini iliyozidishiwa petroli ndiyo inayoitoa kwa wingi zaidi. Akasema mtu anaweza kuinuka akadhani amepona, kumbe madhara yake yalikuwa yanangoja zamu. Yule dada aliniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama kule kazini hakuna mlango.

Masikio alikuwa amekaa karibu na dirisha. Amenenepa kidogo. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ni mwanafunzi wake. Alinitazama kwa adabu kama unavyomtazama mtu kwenye foleni. Alikuwa ameshika kifungo cha koti lake kwa vidole viwili, anakizungusha kushoto kidogo, anaacha, anasikiliza. Kisha anakirudisha na kuanza tena. Dada yake akasema hivyo ndivyo anavyoshinda, vifungo vyote vya nguo zake vinakatika na yeye dada anavishona upya kila mara, na hajui Masikio anatafuta nini. Mimi nilijua. Nilihesabu kwa macho, mdogo wangu. Kushoto, robo ya mzunguko.

Nilitoka hapo nikashuka ngazi nimeshika ukuta.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo nimelizunguka tangu juu. Umeandika kwamba hukusahauliwa. Ni kweli, hukusahauliwa, lakini usifurahi. Wazo la mwaliko ule halikutoka kwa Bwana Mlango. Ni mimi niliyempa jina lako. Magari yalipoanza kurudi aliniita pembeni, palepale alipomwita Masikio, na alianza kwa upole ule ule. Nikaona linakuja lile neno la kupumzika mpaka joto lirudi. Nikamkatiza. Nikamwambia nina mdogo wangu mwenye pua kuliko mtu yeyote aliyemuona, ambaye hahitaji mpira wala chombo, anapiga magoti nyuma ya gari na kukuambia ukweli wake. Nikamwambia tutakaa chumba kimoja, yeye ataseti na mimi nitarudi kuosha vyuma, na wote tutakuwa na kazi. Bwana Mlango alifurahi, akauliza kama utaweza baridi. Nikajibu utazoea. Nilipokuwa nasema hayo niliona nafanya jambo jema. Kichwa kilikuwa kimejaa pamba na niliona jambo jema kabisa. Nilikuwa nakuita uje uweke pua yako kwenye bomba lile, ndani ya ukuta ule, ili mimi nisifukuzwe.

Basi nguo usibebe. Usije. Zichukue tena spana zako kutoka kwa uliowagawia, wakikucheka wacheke. Mwambie fundi mkuu wako ulikuwa unamjaribu uone kama atalia. Usije baridi hii wala inayofuata, wala wakati wa joto, maana joto huku ni fupi na mlango umeshazoea kufungwa.

Na kuna jingine, hili ndilo ninaloliogopa zaidi, kwa hiyo lisome taratibu. Mimi si mmoja tena. Siku za mapumziko, nikifungua dirisha nikakaa, kufikia mchana kichwa kinanifunguka na ninakuwa kaka yako. Siku za kazi ni mtu mwingine. Bwana Mlango huniuliza karibu kila siku mdogo wako anafika lini, nami namjibu yu njiani, na nikisema hivyo naamini, tena nakungojea kwa furaha. Jioni moja nilijikuta nimekutandikia kitanda. Mtu yule ana mwandiko wangu, na anajua anwani yako. Anaweza kukuandikia. Anaweza kukuambia kwamba barua hii niliiandika nikiwa na homa, kwamba mambo yamekuwa mazuri, kwamba umletee na kofia. Usimwamini. Ikija barua yoyote ya kukuita, hata ikiwa tamu kiasi gani, hata ikitaja mambo ambayo ni mimi na wewe tu tunayajua, jua imeandikwa mlango ukiwa umefungwa. Mwenye haki ya kukuamulia ni huyu wa leo, aliyekaa dirishani anatetemeka.

Nimeisoma barua hii toka juu ili niikunje. Nimeona goti la mama nimeliuliza mara mbili. Kisha nikachukua barua yako kutafuta kama ulisema chochote, na nimeona umeandika kwenye mstari wa tatu kwamba goti limepona tangu mavuno, na mama anapanda ngazi akiimba kuwakomesha majirani. Nilikuwa nimeusoma mstari huo siku zote hizi. Nilitaka kufuta, nikaona niache, uone mwenyewe kwa macho yako, maana wewe ni fundi na huamini maneno mpaka uusikie ubovu.

Kesho ni siku ya kazi. Nimeshapanga. Sitaingia ndani kwanza. Nitamsubiri Bwana Mlango barabarani anaposhuka, nimwambie palepale nje, kwenye hewa safi, kwamba huji na kwamba mimi pia siingii mpaka atoboe ukuta na kuweka feni ya kutolea moshi. Najua atakalojibu. Atanionyesha mlango, na itakuwa mara yangu ya kwanza kuuona kutoka nje nikiwa sina haraka ya kuufunga. Halafu nitakwenda zahanati kwa daktari wa Masikio. Naogopa tu kwamba Bwana Mlango akinikaribisha ndani nipate kikombe cha chai tukazungumze, nitaingia, na nikishaingia nitasahau nilichokuja kusema. Barua hii naikabidhi kwa mwenye nyumba sasa hivi aitie posta mwenyewe, isilale kwenye mfuko wa koti langu. Mpaka rangi nilitaka nimpe yeye, lakini juzi nilimuona anapaka rangi upande ule ule wa gari mara mbili, akipiga mluzi.

Ninakuomba jambo moja. Siku utakapoipata hii, nenda banda la mjomba, washa gari lolote, lisetie vizuri, upige magoti nyuma yake unuse kwa niaba yangu, upepo ukipita. Kisha niandikie harufu yake ilikuwaje. Ninaikumbuka kwa jina tu.

Nisalimie shemeji na huyo atakayekuja au aliyekwisha kuja, umwambie ana baba mkubwa. Wasalimie mafundi wote, hasa yule anayesema spana zako ni zake. Mama nisalimie kwa mikono miwili. Sitamuuliza neno juu ya mguu wake, nimeandika kwenye kiganja nisiulize.

Ni mimi kaka yako, wa leo.